Baridi Ipo

Siku ya nne tangu nikabidhiwe funguo
taa ya kiyoyozi iliwaka kijani,
kijani cha mtu anayekuitikia
huku anatazama pembeni.
Feni ilinguruma kama mashine ya kusaga.
Unga hakuna.

Niliweka kiganja kwenye tundu la dashibodi.
Kilichotoka ni pumzi ya mgonjwa.
Nje ni Mpunguzi, mwezi wa tisa, saa saba mchana,
vumbi limesimama wima barabarani
halina pa kwenda.

Nikampigia Bwana Mruma aliyeniuzia.
"Mama Sechelela, gari jipya haliugui."
Nyuma ya sauti yake nikasikia
kiyoyozi cha ofisini kwake kikivuma vizuri sana.
"Zima, washa. Funga vioo. Punguza namba."
Nikazima, nikawasha. Nikafunga vioo.
Nikapunguza namba mpaka namba zikaisha,
kitenge kikanigandia mgongoni.
"Basi lilete Dar. Waranti ipo."
Dar! Na kreti arobaini za zabibu nyuma,
kila punje inanihesabia saa.

Kila mtu akawa daktari.
Shemeji: gesi imevuja.
Kijana wa kituo cha mafuta: fyuzi hiyo, mama,
magari ya siku hizi fyuzi zake kama biskuti.
Mchungaji, kwa simu, akaniombea.
Muuza maji akasema, si ufungue dirisha?
Nikamwangalia vibaya.
Mkopo wa miaka mitano,
nifungue dirisha?

Kizota, fundi Ndahani hakusema kitu.
Alizima redio yangu kwanza.
Akawasha injini, akainamisha sikio.
Tak, ikasema kompresa.
"Umesikia? Imekamata."
Akafunga geji zake mbili, ya bluu na ya nyekundu;
mishale ikapanda, ikatulia panapotakiwa.
Kisha akanishika mkono, grisi na yote,
akaugandamiza kwenye bomba chini ya boneti.
Bomba lilikuwa linatoka jasho.
Baridi, baridi ya mtungini.

"Baridi ipo," alisema.
"Haina pa kupitia."

Akapiga magoti mlango wa abiria,
akachomoa kisanduku ninamoweka risiti na Biblia,
akazamisha mkono hadi kiwiko, akavuta.
Likatoka chujio, jeupe kama gauni la kipaimara,
bado limo ndani ya nailoni ya kiwandani,
maandishi ya kigeni, na mshale: juu ni huku.
Nusura nicheke. Nusura nilie.
Walilifunga huko kwao wakasahau kulifungua,
na feni siku zote hizo inajibamiza kwenye plastiki
kama nzi kwenye kioo.

Ndahani akatazama viti vyangu.
Navyo vina nailoni. Hiyo niliiacha mwenyewe,
nilitaka majirani waione.
Hakusema neno.
Alifuta mikono tu, taratibu, kidole kwa kidole.

Elfu kumi. Nikamwongezea kichala.

Kuelekea soko la Majengo baridi ikaja kwa hasira,
ikanikausha shingo, ikaniuma meno.
Nikatazama kioo cha nyuma:
Chilongani juu ya kreti,
nyusi zake nyekundu kwa vumbi.
Zabibu amezifunika turubai. Yeye hakujibakizia hata pindo.
Siku zote nilizolalamika joto
alikuwa pale pale, kwenye kioo.

Nikaegesha.
"Njoo mbele."
Alijikung'uta mara tatu, akakalia ukingo wa kiti,
nailoni ikalia chini yake, kwaru kwaru.
Hatujafika hata kwenye mzunguko, akasema polepole,
kama mwenye kukiri kosa:
"Mama, nasikia baridi."

Mkono mmoja kwenye usukani,
mwingine nikaanza kuichana nailoni kwa kucha.
Kisha nikafungua dirisha,
kidogo,
upande wake.